Aliyerukwa Kahawa Matangani

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zako za Jakarta zimetufika. Sote wazima; mie nanenepa tu. Waniuliza nnamjua nani mashuhuri wa mji huo, maswali kama polisi! Nnamjua Bi Ratna, mzaliwa wa huko, mke wa ami yangu. Miaka ile ya sitini, tulipotoka Unguja kuja Maskati, yeye peke yake alimuuguza mama mkwe wake mpaka akafa. Matangani, wifi yake aliyekuwa akimimina kahawa akamruka: "Huyu mgeni tu."

Mamangu akakipindua kikombe chake. "Mgeni? Mama yenu akilishwa na kuogeshwa, nyie mlikuwa wapi? Basi hanywi mtu!"

Kahawa ikapoa birikani mpaka Bi Ratna alipomiminiwa kwanza.

Hasira zile nnazo hadi leo. Habari za waliochongewa masanamu, waulize wenyeji wa huko. Mashuhuri wangu ndiye huyo.

Bibi yako