Harufu Yako Shingoni Mwangu

Dada yangu Neema,

Chupa yako ya mafuta ya kunukia sikuitupa. Baba alipoagiza vitu vyako vyote vitolewe chumbani, niliificha ndani ya soksi ya shule. Nakuandikia hapa mtandaoni, mbele ya watu, kwa sababu namba yako haipatikani, na wewe ulizoea kusoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa sabuni. Huko Ngara, Tanzania, ulikokwenda na yule kijana ambaye Baba alimkataa, labda maneno haya yatakufikia.

Unakumbuka mafuta yale yalivyo? Yakigusa ngozi tu yana utamu mkali, karibu yakukerekete koo, kama mtu amemwagia maua sukari. Ukivumilia kidogo yanatulia, unasikia yasmini. Halafu vanila inabaki peke yake, ya joto, kama maziwa yanayokaribia kuchemka. Hiyo vanila ndiyo ilikuwa wewe. Ulikuwa ukitoka asubuhi, na mchana mto wako bado unanukia. Siku niliyoanza sekondari ulitaka kunipaka nyuma ya masikio, nikakataa, ukanishika kichwa.

"Wewe husemi," ukaniambia. "Basi acha harufu ikusemee."

Sasa shule nimemaliza, na hukuwepo.

Mwaka tuliorudi kutoka Tanzania, Kirundi chetu kilikuwa cha kuokoteza. Tulifika Muyinga kwa Bibi, akakukumbatia, akavuta pumzi, akasema, "Ewe, ako kamoto!" Ukaruka nyuma, ukakung'uta sketi, ukakimbilia ndoo ya maji. Ulidhani kuna kamoto, moto mdogo, umeshika nguo zako! Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo wakakueleza kwamba kwa Kirundi akamoto ni harufu nzuri. Tangu hapo, kila ulipofika, Bibi alisema, "Ako kamoto!" na wewe ukamjibu, "Mwaga maji, Bibi, naungua!" Huo ulikuwa utani wenu wawili. Mimi nilisimama pembeni nikitabasamu.

Dada, Bibi ni mgonjwa. Macho yake hayaoni tena na chakula anakikataa. Anakuulizia wewe tu. Wamemwambia uko njiani. Kila siku uko njiani.

Wiki iliyopita Mama aliikuta chupa. Nilidhani atanipiga. Aliinusa, akakaa kitandani, kisha akasema polepole, "Tutakwenda Muyinga. Utajipaka haya, utamshika mkono. Angalau ale."

"Mama, atajua."

"Atajuaje? Usiseme kitu tu. Wewe si huwa husemi?"

Nilivaa gauni langu, na hilo likawa kama nimekubali.

Chupa ilikuwa karibu tupu, kwa hiyo tulipita kwanza mtaa wa Magarama, hapa Gitega, kwa yule mama Mkongomani aliyekuwa anakujazia. Aliigeuza kwenye mwanga, akatikisa kichwa. "Ya Neema? Ile iko imeisha, sheri, mpenzi. Haiji tena." Kisha akaniangalia vizuri. "Na yeye, anarudia lini?" Mama akanivuta mkono tukaondoka.

Kule Muyinga, Mama alinipaka mafuta tukiwa nyuma ya jiko. Akanipaka karibu yote yaliyobaki, shingoni, viganjani, mpaka macho yakaniwasha. Nilijiona kama nimevaa nguo yako bila ruhusa. Tuliingia. Mjomba alikuwa ameshasimama na bakuli la uji.

Mkono wa Bibi ulikuwa mwepesi kama ganda la maharage. Aligeuza kichwa. Pua yake ikacheza.

"Ako kamoto," akasema.

Kisha akangoja. Aliinua kidevu vilevile anavyokiinua akikungoja wewe. Mama, nyuma yangu, akanibonyeza bega kwa kidole gumba. Jibu nilikuwa nalo, Dada. Nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kulitoa kwa sauti yako, hata na kicheko chako mwishoni. Uji ulikuwa unapoa.

"Bibi, ni Riziki," nikasema.

Mjomba aliguna. Mama alitoka nje. Bibi hakuniachia mkono. Alikinusa kiganja changu tena, muda mrefu.

"Na mwenyewe?"

"Aliondoka, Bibi. Baba alimfukuza. Hayuko njiani."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Uso wake ulikunjamana, nikadhani nimemuua.

"Leta chupa," akasema. Nilimpa. Aliipapasa mpaka akapata kifuniko, akakikaza, akaiweka chini ya mto wake. "Hakuna kumpaka mtu mwingine, mwana wanje, mwanangu. Akija, atajipaka mwenyewe." Halafu akauliza kwa ukali, "Huo uji uko wapi?"

Alikunywa nusu bakuli. Hakunywa kwa furaha. Alikunywa kwa hasira, kama mtu anayejiandaa kungoja.

Tumerudi Gitega na Mama haongei na mimi. Gauni lile nimelifua, nikalianika juani, lakini kola bado ina vanila. Nikipita karibu na Baba anainua kichwa haraka kuelekea mlangoni, kisha anakiinamisha. Sijui anaogopa ni wewe, au anaogopa siyo wewe. Sijathubutu kumuuliza.

Ninachokijua ni kwamba Bibi hatangoja muda mrefu. Kutoka Ngara ukivuka mpaka, Muyinga ni karibu. Huna haja ya kupita Gitega, huna haja ya kumwona Baba. Na Baba akitokea huko, nitakuwa nimemfuata; simama nyuma yangu. Nitaongea naye mimi.

Ukifika usijitaje jina. Mkaribie Bibi tu, naye ataanza. Jibu lako nimekuachia.

Ni mimi,
mdogo wako asiyesema.