Bukari Yako mu Face B

Yaya Clémence,

Tangu tukuzike nililia ya kutosha, Kampemba yote ilinisikia. Leo sikuandikie kwa kulia. Nakuandikia juu niko na wivu, na ni wewe unanipa ile wivu.

Batoto balitoa disque, santuri ya muziki. Ndiyo, bale bangu batatu: Trésor na gitari yake, Mamie na sauti yake, Dodo mwenye kupiga ngoma ku masufuria yangu mpaka yakapinda matako. Disque ya kweli, ndogo, nyeusi, kama zile za papa yetu. Mu avenue yetu ni nani mungine iko na batoto ba disque? Unionyeshe. Face A, upande ya kwanza, ni wimbo ya mama yao. Ni mimi. Hata padri alinisalimia ku mulango ya kanisa, mbele ya bamama bote.

Sasa geuza disque. Face B, batoto banasema ni psychédélique. Mimi nasema ni muziki ya kuota macho wazi: gitari inazunguka kama moshi ya babula ya makala, ngoma inaenda, inarudi. Pale katikati balitaka sauti ya mama mwenye kuita bantu ku bukari, ugali yetu. Nikavaa kikwembe mupya, nikaenda nabo ku studio kule Kasungami, nikaita: "Batoto, bukari iko tayari."

Mamie akacheka. "Mama, unaita kama uko mu chorale ya kanisa. Mama mukubwa alikuwa anaita kama ni ye mwenye njaa."

Trésor akatafuta mu telefone yake. Ukatoka wewe, sauti yako ya zamani, unabaita mbele chakula ikuwe baridi. "Bukari inapola, miye nakula yote." Balikugeuza nyuma mbele, balikuvuta, balikuweka mwangwi, na ulibakia tu wewe. Bote balikuwa banalia. Mimi niko ku kiti na kikwembe yangu, hakuna mwenye kuniangalia.

Na unajua bantu banapenda nini? Face B. Ku soko, bamama ba nyanya banaitana: "Bukari inapola." Face A yangu, hakuna mwenye anaiimba.

Nilizaa batatu, Yaya. Wewe hata mumoja. Ulikuwa unakuya tu mangaribi mu kiwanja ya lupango yetu, unabamegea nyama ya sahani yako, unajifanya umeshiba. Kumbe ile ndiyo ilibabakia mu kichwa.

Jana nilipika bukari na sombe ya majani ya muhogo. Nikaita vile naita siku zote: hakuna mwenye kukuya. Nikajaribu ya kwako. "Bukari inapola, miye nakula yote."

Balikimbia bote batatu. Balisimama ku mulango, bakaangalia nyuma yangu, banakutafuta wewe.

Hapo wivu ilinitoka kidogo. Kidogo tu.

Basi nakuahidi: sitaita tena na maneno yako. Ni yako, na face B ni yako. Siku nitakuya huko nitaleta disque, tutaisikiliza sisi babili. Lakini tutaanza na face A.

Lala muzuri, Yaya.

Mudogo wako,
Mama Trésor