Kule Baba Hakunijua

Ekerenyo Sokoni,
Nyamira.
9 Machi 1973

Mpendwa Kaka Walter,

Kwa heshima impasayo mkubwa wangu, nakusalimu kutoka huku milimani hadi huko Voi kwenye mashamba ya katani. Je, kifua kimetulia? Shemeji na mtoto wana afya? Sisi tu wazima. Mimi mwenyewe nina uzima wa ajabu, nao ndio ulionilazimu kuandika.

Mwezi uliopita kichomi kiliniua. Neno hilo nimelichagua kwa uangalifu. Pumzi ilikatika, wanawake wakalia, na seremala Nyangate akaanza kuranda mbao za jeneza. Nilipofumbua macho, mke wangu Orpah alijifuta machozi akasema, "Baba Bitutu, hata kufa unashindwa kumaliza?"

Kaka, katika muda huo nilifika mahali. Hapakuwa na malaika wala moto. Palikuwa na kilima cha chai kisicho na mwisho, kijani kibichi kinachong'aa pasipo jua, na watu wamejipanga mstari kama kwenye kituo chetu cha kuuzia majani: wafu wa jana katika makoti yao, wa kale katika ngozi. Kila mmoja alibeba kikapu kilichojaa. Majani hayanyauki. Mizani haipo, lori haliji, wala hakuna anayeuliza litakuja lini. Mahali pale palikuwa pazuri mno.

Katika mstari huo alisimama marehemu Baba. Nikamwita. Alinitazama kwa adabu apewayo mgeni, akasema, "Mwisho wa mstari ni kule, bwana."

"Baba, ni mimi, Nyasani, mwanao."

"Sijapata kuwa na mwana."

Mbele yake alisimama Nyanya Gesare, mama yake mzazi. Hawakuwa wakijuana.

Mzee wa kanisa, Obadiah, amenikanya: "Ndugu, wafu wamelala. Hiyo ilikuwa homa." Namheshimu sana. Lakini lile kovu la jembe mguuni mwa Baba nililiona.

Mama aliniuliza swali moja tu: "Aliniulizia?" Nikatikisa kichwa. Akasukuma kuni motoni, akasema, "Basi Walter asingoje."

Tangu mlipogombana na Mama juu ya mpaka wa shamba hujakanyaga nyumbani, na katika barua yako ya mwisho uliniagiza nimwambie kwamba mtapatana mbinguni. Kwa unyenyekevu mkubwa nakuomba uliache tumaini hilo. Kule hakuna wa kupatana naye. Hapa Mama angali anakutambua kwa kikohozi chako tu, kabla hujafika mlangoni.

Nisalimie Shemeji Nyanchera na kijana Onchiri. Orpah na Bitutu wanakusalimu. Mungu akulinde njiani. Njiani, nasema, si huko ukaapo.

Wako akupendaye, na ambaye bado anakujua,

Nyasani Ogari