Saratani Tuliyoiita Amibe

Dada Dévote, nisaidie kabla Jumanne haijafika, maana mume wangu Tajudini, anayepitisha mizigo ya watu forodhani pale bandarini, ana mwaka mzima anatoka damu chooni, na sisi kama kila mtu hapa Bujumbura tukasema ni amibe, vile vijidudu vya tumbo, akameza vidonge vya famasi mpaka akachoka, mwisho daktari akamwingiza kamera na kukata kinyama kikapimwe, na majibu yalipotoka mume wangu alikuwa kazini, tukaenda mimi na kaka yake Hamissi, tukaambiwa ni saratani ya utumbo mpana, tena ya aina adimu ambayo chembe zake zimejaa ute, ila haijaonekana kwingine na wakiitoa sasa tumaini lipo. Tulipotoka Hamissi akatia karatasi ya majibu mfukoni, akasema mgonjwa haambiwi habari kama hiyo, akaniapisha, kisha akamwambia ndugu yake ni amibe sugu, inabidi apasuliwe Jumanne hii. Sasa Tajudini amegoma. Ananiuliza, "Mama Ilyasi, we uliona wapi mutu anapasuliwa tumbo juu ya amibe? Mi sikubali." Nikisema nimevunja kiapo, nikinyamaza siku inapita. Nifanye nini?

Mama Ilyasi, Buyenzi

Mama Ilyasi, pole sana. Sasa acha nikugombeze. Mumeo hajakataa kupona. Amekataa kupasuliwa kwa ajili ya amibe, na hapo ana akili kuliko wewe na shemeji yako mkiwekwa pamoja. Hamissi ana huruma, sibishi, lakini tumbo si lake.

Leo hii mwombe hiyo karatasi. Akikataa usigombane naye, rudi kwa daktari, safari hii na mgonjwa mwenyewe, aelezwe yote na aulize anachotaka: wanakata wapi, baadaye anapewa dawa gani. Ulizeni pia kama ndugu zake wanapaswa kupimwa, na Hamissi awemo. Kuhusu kiapo, mimi ni Mkristo, lakini nimekaa na Waislamu wa Buyenzi vya kutosha kujua kwamba kiapo kina kafara yake, malipo ya aliyekivunja. Imamu wako atakueleza.

Unaogopa atavunjika. Mama, huyu ni mtu anayesoma karatasi za mizigo ya wengine kutwa nzima, na hakuna kontena analolipitisha bila kujua kilichomo. Mpe na ya kwake aisome. Halafu Jumanne umbebee begi la hospitali.

Dada Dévote