Nani Atamchinja Mbuzi wa Agnela

Dar es Salaam,
14 Januari 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Mama Nancy na migomba iliyolazwa na upepo. Mimi sijambo, ila joto la huku linaninyima raha. Naandika kwa kuwa simu zangu huzipokei.

Mama ameniarifu kwamba umekataa kumchinja mbuzi wa Agnela tarehe 13 Aprili, watakapokuja wakwe kutoka Machame. Unajua kuliko mimi kwamba katika ukoo wetu nyama ya posa hukatwa na mjomba wa binti. Wakwe wasipomwona mjomba na kisu, watajua upande wa mama haujaridhia. Dada yangu hana kosa. Kosa, kama lipo, ni langu.

Nasema "kama lipo" kwa makusudi. Siku ya sherehe ya shahada yangu nilitamka mbele ya wageni kwamba unakata mbuzi kwa mazoea, si kwa elimu, kisha nikakitwaa kisu mkononi mwako. Njia haikuwa ya adabu, nakiri. Hoja, hata hivyo, ilisimama: mazoea yasiyohojiwa hayawezi kuitwa maarifa, na msomi anayenyamaza mbele ya wazee wake huwadharau zaidi kuliko anayewabishia. Wiki ijayo naanza shahada ya pili ya anatomia, ambako tutapasua mwili wa binadamu kwa mikono yetu wenyewe. Nakuomba tuyamalize.

Mpwa wako,
Fanuel


Akeri,
28 Januari 2024

Mpwa wangu Fanuel,

Marahaba. Sisi hatujambo. Migomba tumeiegemeza. Mama Nancy anakohoa kidogo lakini anagomba kama kawaida, kwa hiyo si ugonjwa mkubwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeomba radhi mstari mmoja, ukajitetea mistari sita.

Hukuniuliza nilikasirikia nini. Si maneno yako. Mke wangu huniambia makubwa zaidi. Nilikasirikia kisu. Ulikipitisha katikati ya bega kama mtu anayepasua kuni, ukautoa mkono wa mbuzi na kuiacha nyama yake kwenye mbavu. Mkono ule mzima ni haki ya mzee Meshack, mkubwa wa ukoo. Alipewa mfupa. Mzee wa miaka themanini na moja alibeba mfupa hadi kwake kwenye jani la mgomba, na hakusema neno kwa sababu sherehe ilikuwa yako.

Umesoma. Mchinje wewe.

Mjomba wako,
Sadoki


Dar es Salaam,
10 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Je, kikohozi cha Mama Nancy kimepoa? Mimi mwili hauna neno. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa utetezi, nami nikakichana.

Meza yetu ina wanafunzi watano. Juu yake amelala mzee aliyeagiza mwenyewe, akiwa hai, kwamba mwili wake tupewe tujifunzie. Jina hatuambiwi. Kabla ya kugusa kisu, mwalimu wetu, Dokta Namnyaki, mama wa kutoka Monduli, alitusimamisha kimya tumshukuru. Dawa ya kuhifadhia maiti huchoma macho, kwa hiyo hakuna aliyejua nani analia.

Nilijitolea kuanza, kwapani. Michoro nilikuwa nimeikariri yote. Dakika ya tatu nikaukata mshipa wa fahamu uendao mkononi, mwembamba kama uzi wa kushonea gunia. Kitabuni umepakwa rangi ya njano. Kwa mzee yule haukuwa na rangi yoyote ya kunionya.

Dokta Namnyaki hakupaza sauti. Aliniuliza, "Nani anakukimbiza?" Akakichukua kisu, akakiweka mbali, akaingiza vidole viwili kati ya nyama na nyama na kuviachanisha taratibu, hadi mishipa mingine ikajitokeza yenyewe, mizima. "Mwili umeshajigawa," akasema. "Kazi yako ni kuufuata."

Hapo nikakuona wewe. Simlinganishi mzee yule na mbuzi. Nalinganisha mikono na mikono. Hivyo ndivyo unavyolitoa bega: kisu ngozini tu, kisha vidole, na mkono unatoka pamoja na nyama yake yote. Nimekutazama tangu utotoni na sikuwahi kuona.

Tangu siku ile sishiki kisu mpaka vidole vishindwe, na kazi hii imenipa furaha ambayo sikuitarajia. Nilikukosea, mjomba. Mzee Meshack nimemwandikia barua yake peke yake.

Mpwa wako,
Fanuel


Akeri,
24 Machi 2024

Mwanangu Fanuel,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha, kugomba kumebaki.

Mzee Meshack aliniletea barua yako nimsomee, maana miwani yake imevunjika. Alicheka, akasema mfupa ule ulitoa mchuzi mzuri. Basi, kwake yamekwisha.

Mama Nancy anauliza, nami pia nauliza: huyo mzee wa mezani, mkimaliza, atazikwa wapi, na nani? Ukipata jibu tuambie. Jina hatulijui, lakini kanisani tutamwombea hivyo hivyo.

Agnela nimemwambia asilie tena. Nitachinja. Beberu yupo bandani, na kisu nimekinoa jana. Wewe njoo mapema, kabla wakwe hawajafika, na usije na ile suti ya sherehe yako. Nitakata mimi. Utashika mguu wa nyuma, na utakaa kimya mpaka bega litoke. Ukijiwa na hoja katikati ya kazi, niandikie barua.

Mjomba wako,
Sadoki