Meno ya Gaju

Simbo, Jumanne

Bima ya ng'ombe wangu Gaju imepanda tena! Leo wakala wa bima kamfungua mdomo, kamtazama meno, kasema uzee ndio unaopandisha. "Mama, maziwa hatoi, hazai. Muuze buchani."

Buchani! Gaju nilipewa na baba mkwe nilipojifungua mara ya kwanza. Ng'ombe wa kupewa hauzwi bila kumwomba aliyekupa, na mzee alishafariki. Nikamwombe nani?

Mume wangu ndiye kaniudhi zaidi. Kamwambia wakala, "Mke wangu anabembeleza mzoga." Kwa hasira nikaapa silipi tena.

Jioni nimemkuta huyo huyo zizini, anamkatia Gaju majani vipande vidogo vidogo. Kuniona tu, akasema anajaribu kisu.

Kesho nalipa. Nusu atatoa yeye.