Shimo la Gesi ya Samadi

Mjukuu wangu Paulina,

Shikamoo yako imefika Endasak, marahaba. Babu yako bado anakohoa, na mvua imeozesha maharage.

Unauliza kwa nini napika kwa kuni wakati jiko la gesi ya samadi lipo. Tulijengewa nikiwa mama kijana. Kila asubuhi nilitia samadi shimoni, na jikoni moto uliwaka bila moshi. Kisha shamba kubwa la ngano alikofanya kazi babu yako likafungwa. Walioachishwa kazi wakalima mahindi mpaka kwenye malisho, na babu yako akawapeleka ng'ombe wetu kwa rafiki yake kule Getanuwas, kulikobaki malisho.

"Na gesi yangu?" nikamuuliza.

"Ng'ombe wafe njaa ili wewe uchemshe chai? Basi jaza shimo mwenyewe!"

Tulicheka wote wawili. Baada ya wiki chache moto ulizimika, nikachukua panga nikapanda mlimani, kwenye miti niliyokuwa nimeiacha ikue.

Leo kule juu kumebaki visiki. Wewe unayesomea majiko haya, kabla ya kumjengea mtu, muulize ng'ombe wake watakula wapi.

Shimo letu sijalifukia.

Bibi yako